Etha Ilikuwa Mirunda, Si Nyumba

Kituo cha redio kinapotangaza, Kiswahili husema kiko hewani, na Kiarabu huenda hatua moja mbele kwa kusema matangazo yanapita katika al-athiri, neno lilelile ambalo wanafalsafa wa kale walilitumia kwa kitu chepesi kuliko hewa kilichodhaniwa kuijaza mbingu yote. Lugha zote mbili zinateleza, kwa kuwa mawimbi ya redio hayahitaji hewa wala kitu kingine cha kuyabeba: hutoka kwenye setilaiti, yakavuka ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hadi yakafika kwenye dishi lililo juu ya paa. Utelezi huo una ukoo mkubwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, wanafizikia mahiri wa Ulaya waliamini kwamba umeme, sumaku na mwanga ni mienendo ya kitu kimoja kisichoonekana kiitwacho etha, nao walitumia miaka mingi kuchunguza kitu hicho kimeundwaje. Hawakukipata, lakini katika kukitafuta waliandika milinganyo ambayo jenereta, antena na simu za leo zinaitegemea. Makala haya yanatetea hoja kwamba etha haikuwa ujinga wa kuchekwa, wala si hazina iliyofichwa inayongoja kufufuliwa, bali ilikuwa kifaa cha kufikiria chenye kazi yake na siku yake ya kuondolewa, na kwamba waliokwama hawakukosea kwa kukitumia, ila kwa kutoitambua siku hiyo ilipofika.

Haja ya etha ilitokana na swali ambalo hata mtoto aliyeshika sumaku mbili hulihisi kwenye vidole vyake: kitu kinawezaje kukivuta au kukisukuma kingine bila kukigusa? Isaac Newton alikuwa ameonyesha jinsi ya kukokotoa mvutano kati ya jua na sayari, na mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb wa Ufaransa alionyesha kwamba kani kati ya chaji za umeme hufuata kanuni ya namna hiyohiyo, kwamba umbali ukiongezeka mara mbili kani hupungua hadi robo. Kanuni hizo zilieleza kani ni kiasi gani, lakini hazikueleza inafikaje. Newton mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Richard Bentley mwaka 1693, aliona ni upuuzi kufikiri kwamba kitu kimoja kinaweza kutenda juu ya kingine kupitia utupu bila mjumbe wa kati. Hata hivyo, mafanikio ya hesabu zake yaliwazoesha warithi wake kuishi na upuuzi huo, kiasi kwamba Hans Christian Ørsted wa Denmark alipogundua mwaka 1820 kwamba mkondo wa umeme ndani ya waya huigeuza sindano ya dira iliyo karibu, André-Marie Ampère aliijenga nadharia yake ya kani za mikondo kwa mtindo uleule wa kutenda kwa mbali.

Aliyekataa mtindo huo alikuwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi wa London aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu na ambaye hakuwahi kusoma hisabati ya juu. Labda ni kwa sababu hakuwa na hesabu za kumridhisha ndiyo maana aliyatazama mambo kwa macho. Sumaku ikiwekwa chini ya karatasi, unga wa chuma ukanyunyizwa juu yake na karatasi ikagongwagongwa kwa kidole, unga huo haubaki ovyo, bali hujipanga katika nyuzi zinazotoka kwenye ncha moja ya sumaku, zikapinda kwa nje na kurudi kwenye ncha ya pili, zikisongamana penye nguvu nyingi na kutawanyika penye nguvu chache. Wengi waliuona mchoro huo kama pambo la darasani, lakini Faraday aliuona kama ushahidi kwamba nafasi inayoizunguka sumaku si tupu, kwa kuwa kila nukta yake ina nguvu yenye kiasi na mwelekeo wake. Hali hiyo ya nafasi ndiyo inayoitwa uga. Mwaka 1831 alionyesha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha mkondo wa umeme katika waya, na mwaka 1845 akaonyesha kwamba uga huohuo, ukipitishwa katika kipande cha kioo kizito, hugeuza uelekeo wa mtetemo wa mwanga unaopita humo. Kuanzia hapo ikawa vigumu kudai kwamba sumaku na mwanga havina udugu.

Mwanga, kwa upande wake, ulikuwa tayari na etha yake. Thomas Young wa Uingereza na Augustin Fresnel wa Ufaransa walikuwa wameonyesha mwanzoni mwa karne hiyo kwamba mwanga una tabia ya mawimbi, na wimbi, kwa fikra za wakati huo, lilihitaji kibebeo, yaani kitu kinachotikisika, kama maji yanavyolibeba wimbi la bahari na hewa inavyoibeba sauti. Tatizo lilikuwa aina ya wimbi lenyewe. Sauti hutikisa hewa mbele na nyuma kuelekea inakokwenda, ilhali mwanga, kama Fresnel alivyothibitisha, hutetemeka kwa kukingama na safari yake, mithili ya kamba iliyofungwa upande mmoja na kurushwa juu na chini upande wa pili. Mitetemo ya namna hiyo haiwezi kupita ndani ya hewa wala maji, inapita katika kitu kigumu tu, na kwa kuwa mwanga una kasi kubwa mno, etha ilipaswa kuwa ngumu kwa kiasi cha kutisha. Wakati huohuo sayari zilikuwa zikipita katikati yake mwaka hadi mwaka bila kupunguza mwendo. Kitu kigumu kuliko chuma kisichozuia hata unyoya: hilo ndilo fumbo ambalo wanafizikia wa karne ya 19 walilipokea pamoja na etha, wakalibeba kama mzigo wa safari ambayo bado ilionekana kuwa na faida.

Faida hiyo ilipatikana mikononi mwa James Clerk Maxwell, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1831, mwaka uleule wa ugunduzi mkubwa wa Faraday. Mwaka 1856 William Thomson, ambaye baadaye alipewa jina la Lord Kelvin, alikuwa ametoa hoja kwamba kama sumaku inageuza mtetemo wa mwanga, basi lazima kuna kitu kinachozunguka kandokando ya mistari ya nguvu ya sumaku, yaani zile nyuzi za Faraday. Maxwell aliichukua hoja hiyo na kuijengea mtambo mzima katika makala aliyoichapisha kwa sehemu nne kati ya mwaka 1861 na 1862. Aliifikiria etha kama iliyojaa seli ndogondogo, kila moja ikijizungusha kama pia, huku mhimili wake ukilala juu ya mstari wa nguvu ya sumaku. Kitu kinachozunguka hutanuka kiunoni na kufupika kichwani hadi miguuni, na kwa hiyo seli zilizopangana kwenye mstari mmoja zilivutana kwa urefu na kusukumana kwa ubavu, jambo linaloeleza vizuri kwa nini ncha zisizofanana za sumaku huvutana na zinazofanana husukumana.

Palikuwa na kikwazo ambacho fundi yeyote wa baiskeli angekiona mara moja. Seli mbili zinazogusana zikizunguka upande mmoja, nyuso zao zinapokutana zinakwenda kinyume, na zitakwanguana. Jibu la Maxwell lilikuwa lile la fundi huyo: weka gololi katikati. Kati ya seli na seli alipanga safu za chembe ndogo zinazobingirika, kama gololi ndani ya beringi, na akazipa gololi hizo kazi ya umeme. Ndani ya waya wa shaba gololi ziko huru kutembea, na mwendo wao ndio mkondo wa umeme. Mkondo ukianza ghafla katika waya mmoja, gololi zinazotembea huzungusha seli za jirani, seli hizo huzungusha gololi za mbele yake, na gololi zilizo katika waya wa pili hujikuta zikisukumwa kinyumenyume kwa kitambo kifupi, hadi seli za pande zote zikamate mwendo mmoja. Na hicho hasa ndicho Faraday alichokiona mwaka 1831, mkondo wa mara moja unaotokea na kutoweka. Ndani ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme kama kioo, gololi zimeshikwa mahali pake, lakini seli zina mnyumbuko kidogo kama mpira, hivyo gololi zinaweza kusogea kidogo na kurudi. Usogeaji huo mdogo Maxwell aliuita msogeo, na akauhesabu kuwa sehemu ya mkondo wa umeme hata mahali ambapo hapana waya.

Hapo ndipo mtambo wa kubuni ulipotoa kitu ambacho aliyeubuni hakukiweka. Kitu chenye mnyumbuko hupitisha mawimbi, na kasi ya mawimbi hayo inaweza kukokotolewa. Maxwell alitumia vipimo vya umeme na sumaku vilivyofanywa Ujerumani na Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch mwaka 1856, vipimo ambavyo havikugusa mwanga hata kidogo, akapata kasi ya kilomita 310,740 kwa sekunde. Kasi ya mwanga iliyopimwa na Hippolyte Fizeau ilikuwa, kwa hesabu aliyoitumia Maxwell, kilomita 314,858 kwa sekunde. Namba zote mbili zilizidi kidogo kiasi kinachojulikana leo, kilomita 299,792, lakini ukaribu wao haukuweza kuwa wa bahati. Mwezi Oktoba 1861 alimwandikia Faraday kumweleza tokeo hilo, na katika makala yake akahitimisha kwamba mwanga ni mitetemo ya kitu kilekile kinachosababisha umeme na sumaku. Ugunduzi huo, ambao ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika historia ya fizikia, ulizaliwa kutoka kwenye gololi ambazo hazikuwahi kuwapo.

Msomaji wa leo anaweza kulichukulia tukio hilo kwa njia mbili potofu, ya kwanza ikiwa kusema kwamba gololi zilikuwa za kweli kwa sababu zilitoa jibu sahihi, na ya pili kwamba zilikuwa upotevu wa muda kwa sababu hazikuwapo. Mafundi ujenzi wana picha iliyo sahihi zaidi. Sakafu ya ghorofa haimwagwi angani. Kwanza hupangwa mbao, na chini ya mbao hizo husimamishwa mirunda, yaani nguzo za miti zinazoubeba uzito wakati zege lingali uji. Mirunda ikiondolewa mapema, zege huporomoka. Ikiachwa milele, chumba cha chini hakikaliki. Maxwell aliijua kazi ya mirunda. Katika makala yenyewe alikiri kwamba gololi zake zilikuwa wazo la muda ambalo yeye hakulitoa kama maelezo ya jinsi maumbile yalivyo, na katika makala yake ya mwaka 1865 kuhusu nadharia ya uga wa umeme na sumaku aliziondoa seli na gololi, akabakiza milinganyo 20 iliyosimama bila kuegemea mtambo wowote. Si kwamba aliiacha etha, kwani hadi kifo chake mwaka 1879 aliamini kwamba lazima kuwe na kitu kinachobeba nishati kutoka kwenye chanzo hadi inakofika. Alichokiacha ni madai ya kujua umbo la mashine iliyo ndani yake.

Wengi wa waliomfuata hawakuwa na uvumilivu huo. George Francis FitzGerald wa Dublin alijenga mwaka 1885 kielelezo cha magurudumu ya shaba nyeupe yaliyofungwa kwa mipira juu ya ubao, ili kuonyesha jinsi etha inavyopitisha nishati, ingawa yeye alijihadhari kusema kwamba ni mfano tu. Oliver Lodge alikijaza kitabu chake cha mwaka 1889 magurudumu yenye meno na kamba zilizopita kwenye kapi, naye akaendelea kuitetea etha hadi miaka ya 1920. Kelvin, aliyeamini kwamba jambo halijaeleweka mpaka litengenezewe kielelezo cha kimashine, aliijenga na kuibomoa etha ya kila namna, na mwaka 1896, Glasgow ilipomwadhimisha kwa miaka 50 ya uprofesa, alisema mbele ya wageni wake kwamba neno moja linaloeleza juhudi zake za miaka 55 za kuielewa sayansi ni kushindwa. Wakati huo waliopiga hatua walikuwa wale walioshika milinganyo. Oliver Heaviside, aliyewahi kuwa opereta wa telegrafu, aliikusanya na kuifupisha hadi minne inayofundishwa leo, na Heinrich Hertz, aliyeyazalisha na kuyapima mawimbi ya Maxwell mjini Karlsruhe mwaka 1888, aliandika kwamba kwa swali la nadharia ya Maxwell ni nini, jibu ni milinganyo ya Maxwell.

Etha hata hivyo haikuanguka kwa sababu ya uvivu wa kuifikiria, bali kwa sababu iliombwa ushahidi mmoja mdogo ikashindwa kuutoa. Kama etha imetulia angani na dunia inalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, basi duniani panapaswa kuvuma upepo wa etha, na mwanga unaokwenda na kurudi sambamba na upepo huo unapaswa kuchelewa kidogo kuliko unaoukingama. Mwezi Julai 1887, mjini Cleveland nchini Marekani, Albert Michelson na Edward Morley walikaza vioo vyao juu ya bamba la jiwe la mchanga lenye upana wa mita 1.5 hivi na unene wa sentimita 30, wakaliweka lielee juu ya zebaki ili lizunguke polepole bila mtikisiko, na mmoja akawa anatembea pamoja nalo huku jicho likiwa kwenye darubini, akiitazama mistari ya mwanga na giza inayotokea pale miali miwili inapokutana. Mistari hiyo ilitarajiwa kusogea kwa sehemu 0.4 ya upana wake. Msogeo waliouona haukufika moja ya 20 ya kiasi hicho, na kwa maoni yao huenda haukufika hata moja ya 40.

Watetezi wa etha walijaribu kuiokoa, na kila walipoiokoa waliivua nguo moja. Ikasemwa huenda dunia inaikokota etha pamoja nayo, lakini Lodge mwenyewe alizungusha sahani nzito za chuma kwa kasi kubwa huko Liverpool mwanzoni mwa miaka ya 1890 na hakuona dalili kwamba etha inakokotwa. FitzGerald mwaka 1889, na Hendrik Lorentz wa Uholanzi mwaka 1892, wakapendekeza kwamba vitu vinavyokwenda ndani ya etha hufupika kidogo kuelekea viendako, kwa kiasi kilekile kinachotosha kuuficha upepo. Kufikia mwaka 1904 Lorentz alikuwa na nadharia ambamo etha ipo lakini hakuna kipimo chochote kinachoweza kuigundua, na sifa moja tu ndiyo iliyobaki kwake, kwamba imetulia.

Albert Einstein aliichukua sifa hiyo ya mwisho mwaka 1905, na jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba hakuanza na mwanga wala na Cleveland, bali na sumaku na waya wa Faraday. Sumaku ikisogezwa kuelekea koili ya waya, mkondo hutokea. Koili ikisogezwa kuelekea sumaku kwa kasi ileile, hutokea mkondo uleule. Nadharia za etha zilitoa maelezo mawili tofauti kwa tukio hilo moja, kutegemea ni kipi kati ya hivyo viwili kinachodhaniwa kwenda ndani ya etha, ilhali mshale wa kipima mkondo haujali hata kidogo. Einstein alihitimisha kwamba tofauti isiyoonekana popote haina haja ya kuelezwa, na kwamba etha ni kitu cha ziada. Zege lilikuwa limekauka.

Pingamizi moja linastahili jibu la haki. Kuna wanaouliza kama uga si etha iliyobadilishwa jina, na wanakumbusha kwamba Einstein mwenyewe, katika mhadhara aliotoa Leiden mwaka 1920, alikubali kuiita nafasi yenye sifa za kifizikia kwa jina la etha, na kwamba fizikia ya leo inaliona ombwe kuwa na shughuli nyingi kuliko utupu wa kawaida. Ni kweli kwamba Faraday alishinda: nafasi si tupu. Lakini katika mhadhara huohuo Einstein aliweka sharti kwamba etha hiyo isifikiriwe kuwa na sehemu zinazoweza kufuatwa zikienda mahali. Hapo ndipo penye tofauti. Kitu ambacho hakiwezi kusemwa kimetulia wala kinakwenda si kibebeo tena kwa maana ya Maxwell, Kelvin na Lodge, na majaribio ya aina ya Michelson yaliyorudiwa karne hii kwa usahihi uliozidi ule wa 1887 mara mamilioni hayajauona upepo wowote. Wanaouza leo mitambo ya kuvuna nishati ya bure kutoka kwenye etha, mara nyingi wakijificha nyuma ya jina la Nikola Tesla, wanatumia neno la nadharia iliyopimwa na kukataliwa, huku wakijiepusha na mizani ileile iliyoipima.

Funzo la historia hii linaihusu kila shule inayofundisha umeme kwa mfano wa maji ndani ya bomba. Mfano huo ni mirunda mizuri: volti ni kama urefu wa tangi, mkondo ni kama wingi wa maji yanayopita, ukinzani ni kama wembamba wa bomba. Lakini bomba likikatwa maji humwagika, na waya ukikatwa hakuna kinachomwagika. Zaidi ya hapo, John Henry Poynting alionyesha mwaka 1884 kwamba nishati inayofika kwenye taa husafiri katika uga unaouzunguka waya, haipiti ndani ya waya kama maji yanavyopita ndani ya bomba. Mwalimu asiyesema mfano unaishia wapi humwachia mwanafunzi nyumba iliyojaa nguzo, na mwanafunzi huyo atakapokutana na antena, ambayo haina bomba lolote, hatakuwa na pa kupita. Anayekataa mifano kabisa na kuanza na milinganyo humwaga zege hewani.

Sakafu ikishakauka na mirunda kung'olewa, anayesimama chini na kuinua macho huona kwenye dari ambalo halijapigwa lipu alama za mbao zilizokuwapo, na wakati mwingine hata mistari ya nyama ya mti. Milinganyo ya Maxwell nayo ina alama hizo: kipande chake muhimu kuliko vyote bado kinaitwa mkondo wa msogeo, ingawa katika ombwe hakuna kinachosogea. Neno hewani, litamkwapo redioni, ni alama nyingine ya namna hiyo. Hapana haja ya kuzifuta, mradi anayezitazama ajue kwamba ghorofa haisimami juu ya mbao hizo tena.